Mkeka Juu ya Kisiki

Jumatatu, 3 Juni
Chai bila sukari tena. Mke wangu, Mama Zaina, anasema ni kwa ajili ya damu yangu. Mimi nasema ni ubahili. Ndagala, dagaa wetu wa kuanika, wako juani, kunguru wanawatolea macho. Yule bibi amepita tena, mara ya tatu. Anasimama njiani, anatazama mti wetu wa mvumu. Nimemwambia kama anatafuta bwana, mimi nimeshazeeka. Hakucheka. Sijapenda.

Jumatano, 5 Juni
Sasa najua. Anaitwa Yuditha, amerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Amemwambia shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, kwamba hapa ni kwao, baba yake alipanda mvumu mbele ya nyumba kabla hawajakimbia. Bashingantahe, wazee wetu waamuzi, watakuja Ijumaa kuutafuta huo mti. Mimi kiwanja nilikinunua! Aliyeniuzia amekufa. Karatasi ilioza kwa mvua. Watoto wangu wote wamezaliwa humu.
Naogopa. Nimeacha nusu sahani, na wali ulikuwa mzuri.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekata mti. Wapasua mbao wawili, msumeno, hadi saa tisa. Mama Zaina akauliza kuna nini. Nikasema kunguru wananyea ndagala.
"Miaka yote hawakunya?"
Mwanamke huyu angekuwa polisi.
Majirani nimewagawia kuni ili wanyamaze. Kila jiko la kartie linachemsha maharagwe kwa ushahidi wangu. Kimebaki kisiki, kinatoa maziwa meupe, hakikomi. Nimekifunika kwa mkeka.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekalia kisiki tangu saa mbili. Kanzu safi, uso wa mtakatifu. Bashingantahe wakazunguka uwanja. Bibi Yuditha akaonyesha kwa kidole: "Ulikuwa hapo." Hapo nipo mimi.
Shefu akasema, "Basi, bibi, huyu muzee ndiyo mti?"
Wakacheka. Nikacheka kuwashinda. Jasho linatiririka mgongoni.
Maneno yakaenda mpaka adhana. Shefu akasimama. "Twende, muzee. Ama leo husali?" Nikasingizia miguu. Akanishika mkono, akanivuta.
Nikainuka na mkeka. Maziwa ya mvumu yalikuwa yamepenya, yakaganda kama gundi. Mkeka unaning'inia matakoni kama mkia. Njia nzima ikapiga kelele. Mama Zaina naye, nilimwona.
Bibi Yuditha peke yake hakucheka. Alipiga magoti, akakishika kisiki. "Bado kibichi," akasema.
Nimesali na doa. Sijui niliomba nini.

Jumamosi, 8 Juni
Sikulala. Nilishapanga vitu vya kubeba: redio, birika, Mama Zaina.
Bashingantahe wamekuja asubuhi. Wamenigombeza kama mtoto, sawa, wakasema kiwanja ni cha bibi. Kisha wakamwuliza bibi kama anataka tutoke. Akanitazama sana. Nilitaka ardhi inimeze.
"Abaki," akasema. "Nani mwingine ataniambia mti wa baba ulikua ukafika wapi?"
Wazee wakagawa: nyumba yangu, uwanja wa mbele wake. Nikamwambia mti ulipita paa. Na kivuli chake kilifika mlangoni kwa jirani. Nikajifanya nakohoa.

Jumapili, 23 Juni
Bibi Yuditha ameanza kufyatua matofali ya nyumba yake. Asubuhi anakaa kwenye kisiki, anakunywa chai ya Mama Zaina. Yake ina sukari.
Kisiki kimetoa majani matatu. Nimeshinda hapo nikifukuza mbuzi.