Picha ya Juu, Picha ya Chini

Endasak, 4 Machi 2025

Mwanangu Fabiola,

Habari za Iringa na kazi? Sisi huku wazima. Goti la mama yako linasumbua kwa sababu ya mvua, lakini jana amepalilia maharage kutwa nzima, kwa hiyo usimwonee huruma kupita kiasi.

Nimeshuka barabarani kutafuta mtandao ili nikuulize kuhusu kompyuta uliyoniachia Krismasi. Ile Linux uliyoiweka ndani ya mashine pepe, hiyo kompyuta ndani ya kompyuta, inafunguka vizuri, ila madirisha yake hayapauki kama ya kwako. Wewe uliweka dirisha juu ya dirisha, la juu likawa jepesi hadi la chini likaonekana. Yangu yamekaa kama ubao wa darasani.

Nalihitaji jambo hilo. Unajua kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa, naweka simu kwenye kizingiti cha dirisha la kigango, ng'ambo ya bonde, na kuupiga picha mteremko wetu. Nina picha za miaka miwili, zote za mahali pale pale. Nikizipandanisha, baraza la kata litaona kwa macho jinsi jirani yetu Hhando anavyoisogeza mikonge ya mpaka kidogo kidogo. Mwaka wa pili huu hatusalimiani, na sijutii.

Baba yako


Iringa, 6 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mpe mama pole ya goti, na umwambie jembe lipumzike.

Linux hapo ni mgeni ndani ya Windows, na mwenyeji hajamruhusu kutumia kadi yake ya picha. Zima mashine pepe kabisa, usiilaze tu. Kwenye mipangilio yake, sehemu ya skrini, pandisha kumbukumbu ya video hadi mwisho, kisha weka tiki penye 3D. Ukishaiwasha, weka programu ya nyongeza iliyo kwenye flashi nyekundu, uizime na kuiwasha tena, halafu ruhusu madoido ya skrini. Baada ya hapo shika Alt, zungusha gurudumu la kipanya, na dirisha la juu litapauka.

Kuhusu Hhando, mpunguzie hasira, baba. Ndiye aliyempeleka mama hospitali kwa pikipiki yake siku ile alipoanguka.

Mwanao


Endasak, 13 Machi 2025

Mwanangu Fabiola,

Marahaba. Tunaendelea vizuri, mvua tu ndiyo haitupi nafasi.

Madoido yamekubali, baada ya mimi kuilaza mashine mara mbili badala ya kuizima. Nimecheza nayo kama mtoto hadi mama yako akanifukuza mezani.

Lakini picha hazikai sawa. Nimeweka ya Machi mwaka jana chini na ya mwezi huu juu. Mlima umelala juu ya mlima, na barabara juu ya barabara, bila kasoro. Mikonge imeshuka, nikapiga makofi. Kisha nikaona nyumba ya Hhando nayo imeshuka, na zizi letu vile vile. Mtu hawezi kuiba mpaka akahama na nyumba yake. Basi ni mashine yako inayosogeza vitu, na nikienda nayo barazani watanicheka. Nielekeze namna ya kuirekebisha.

Baba yako


Iringa, 14 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Natumaini mko salama. Naandika haraka, ofisi nzima inanisubiri. Mambo ya kadi ya picha ndani ya mashine pepe huwa na visirani hivyo. Ondoa tiki ya 3D, uirudishe, na ukubwa wa skrini ya mgeni ulingane na wa mwenyeji. Ikishindikana, nitumie picha zenyewe.

Mwanao


Endasak, 7 Aprili 2025

Mwanangu Fabiola,

Habari za siku nyingi? Wiki tatu njia ilikuwa tope tupu, sikuweza kushuka. Sisi wazima, ila nyumba inatuchosha. Mlango wa jikoni haufungi, fundi ameshauranda mara mbili. Chemchemi yetu imekauka na mvua yote hii, na maji sasa yanatokea nyuma ya zizi, rangi ya chai ya maziwa.

Nimefanya yote uliyosema. Jana nimepiga picha mpya kigangoni, na kosa limezidi. Mikonge imeshuka kwa kimo chake chote. Nakutumia zote tatu. Fanya hima, baraza ni Ijumaa.

Baba yako


Iringa, 8 Aprili 2025

Baba, shikamoo.

Nimepiga simu tangu asubuhi, hupatikani. Nimezipandanisha picha kwenye kompyuta yangu, bila mashine pepe yoyote, na matokeo ni yale yale. Kosa la skrini huvuruga picha nzima. Haliwezi kuchagua zizi na mikonge likauacha mlima. Nilipaswa kuliona mwezi uliopita, nami nilikujibu kwa haraka. Nisamehe.

Hhando hajahamisha kitu. Ardhi ndiyo inayoshuka, baba, na nyumba zetu ziko juu yake. Tokeni leo hii. Mama mdogo Irene anawasubiri Katesh.

Mwanao


Endasak, 9 Aprili 2025

Mwanangu Fabiola,

Marahaba. Nimesoma barua yako hapa barabarani, mara tatu. Nimemwita mama yako ashuke, na sasa hivi amepanda pikipiki ya kwenda Katesh.

Mimi narudi juu. Hhando hapokei simu yangu. Hata angepokea, mtu aliyemwita mwizi miaka miwili akimwambia aache shamba lake, atafikiri nini? Na mwenyewe unajua, kwetu ugomvi wa mpaka humalizwa mpakani, mmoja akisimama huku na mwingine kule, wote wameshika mkonge mmoja. Nitaushika, nimwambie nilikosea. Hapo ataniamini, tushuke pamoja na watoto wake.

Nimeona aibu sana, mwanangu. Mvua imeanza tena, lakini si kubwa.

Baba yako


Iringa, 11 Aprili 2025

Baba, shikamoo.

Mama yuko kwa mama mdogo, hataki kula. Anasema hujafika. Simu yako haipatikani, wala ya Hhando. Pikipiki zinaishia barabarani, hakuna anayekubali kupanda juu.

Brightness, binti wa katekista, amepiga picha asubuhi hii pale pale kwenye kizingiti cha kigango. Amenitumia bila kuandika neno lolote. Sijaitazama. Nimeifungua huku nimefumba macho, na juu yake nimeweka ya kwako ya Jumapili. Naona mikonge, zizi letu, na moshi wa jikoni kwa Hhando.

Nimeshika Alt. Gurudumu sijalizungusha. Niandikie kwanza, baba.

Mwanao