Nguzo za Zege na Sufuria ya Isyo

Leeds, Uingereza

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Kabla sijakueleza lolote, keti kwanza. Goti lako linaendeleaje? Na maharagwe ya pale mteremkoni, mvua iliyawahi? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenizoea vibaya.

Sasa sikiliza. Kuna watu wanataka kujenga ofisi za ghorofa sita Athi River, na kazi ya kuzichora imeletwa hapa ofisini kwetu. Mkubwa wetu alitugawanya: mwenzangu Peter achore jengo la nguzo za chuma, mimi la zege. Mchoro utakaochaguliwa, mwenyewe ndiye atakwenda kusimamia ujenzi. Mwaitu, hata chakula kilinishinda. Sijakuona tangu tumzike baba.

Peter alijitetea vizuri. Chuma huinuliwa haraka, tena ni chepesi, na ule udongo mweusi wa Athi River unavimba kila mvua ikinyesha. Nikamjibu kwamba udongo huo tutauchimba wote mpaka kwenye mwamba, jengo liwe zito au jepesi. Chuma chake kitatoka ng'ambo kwa meli, na lazima kifunikwe kisije kikalegea kwa moto. Saruji yangu inasagwa hapo hapo Athi River, na kokoto ziko jirani.

Nikajiona nimemaliza kazi. Mkubwa akafungua hesabu yangu, akauliza, "Hapa kwenye wafanyakazi umeandika mahindi na maharagwe. Mshahara uko wapi?"

Niliona haya! Siku ya kumwaga zege nilikuwa nimeipanga kama ile ya zahanati yetu Kathiani: mwethya mzima wa majirani waliojitolea kwenye mstari, makarai yanapita mkono kwa mkono, na wewe kando ya sufuria ya mahindi na maharagwe ukifoka, "Hakuna mtu ataonja isyo kama hiyo simiti haijaisha!" Haikunijia kabisa kwamba Athi River watu wanafanya kazi ya kulipwa. Peter alicheka mpaka akatoa machozi.

Nikarudi mezani, nikaongeza mishahara yote. Zege bado likatoka nafuu, si kwa mbali sana. Paa litakuwa la chuma, na hilo nimemwachia Peter kwa moyo mweupe.

Jana mkubwa aliniita, akasema nianze kufungasha kwa safari ya Athi River. Nikamwambia nitafuta ule mstari wa chakula kwenye hesabu. Akakataa. "Uache," akasema. "Kwani hao watu hawatakula?"

Nisalimie nyanya, susu wangu, mwambie miwani yake nimeipata. Mjomba naye, yeye na ufundi wake wa mawe, ajitayarishe kunikosoa nguzo. Mutua mdogo wangu mwambie aache kulalia kitanda changu.

Ile sufuria kubwa usimwazime mtu. Wala usihangaike kunijibu, mwaitu. Majibu nayafuata mwenyewe hapo jikoni.

Binti yako,
Mumbua