Hapana Yangu Iliyokatwa

Jumapili, Jericho. Mawingu tangu asubuhi na nguo nilizoanika jana bado zina unyevu. Nimekaa kitandani na sijui nianzie wapi, maana bado siamini.

Jana filamu ya Auma ilionyeshwa kwenye ukumbi wa mtaa. Auma nimekua naye, mlango wao unatazamana na wetu. Ni filamu ya ndoa: msichana wa Kikamba anachumbiwa na kijana wa Kiluhya. Kwenye bango Auma alijisifu kwamba wahusika ni wa kila kabila la mtaani, na wanawake ndio wengi. Nilimpenda kwa hilo. Mimi ndiye niliyecheza huyo msichana.

Sasa, kwetu Wakamba, mwanamke anakuwa mke wa mtu pale mbuzi wa ntheo wanapopokelewa kwao na kuliwa. Auma alitaka kila kitu kiwe cha kweli, kwa hivyo mbuzi walikuwa wa kweli, na aliyewapokea ni baba mdogo wangu wa kweli, tuliyemtoa Machakos. Mama aligoma kabisa. Alilegea kwa sababu moja tu: baba mdogo angeniuliza kama mbuzi waliwe, nami ningesema hapana.

"Basi hiyo itakuwa nyama tu," Mama akasema, akaenda kukata vitunguu.

Niliisema ile hapana vizuri. Kamera zilipozimwa tukala.

Jana ukumbini nikaingoja. Baba mdogo akauliza, uso wangu ukajaa ukutani, nikafungua mdomo, halafu wanaume wakaonekana wakishikana mikono. Vigelegele. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Nilidhani mtambo umeharibika.

Auma nilimkuta nje akipigwa picha. "Hiyo hapana ilikuwa inaua story, beshte," akaniambia. "Dem akikataa, watu wanaboeka. Na si uko karibu kila scene?"

Niko, ndiyo. Nabeba sinia, nalia, napuliza jiko. Wanawake tumejaa filamu nzima na hakuna hata mmoja anayekataa chochote. Ingekuwa mwanamume ameikata, ningekasirika nikalala. Lakini ni Auma.

Kumbe bado. Leo kipande hicho kimezunguka kwenye simu za watu, kikamfikia baba yake Mutua. Mutua ni mchumba wangu, na watu wao walikuwa walete mbuzi wao Jumamosi ijayo. Mzee amempigia Mama, kwa upole kabisa, kumwambia hawezi kupeleka ntheo kwenye nyumba iliyokwisha kula ya watu wengine. Mama akamweleza kwamba ulikuwa mchezo na kwamba nilikataa.

"Nimeangalia mara mbili, Mama Mwende," mzee akasema. "Hakukataa."

Mama amelia. Mimi hata machozi hayaji. Nimemtaka Auma anipe ile video ya kabla haijakatwa, naye amenitumia. Niko pale, nimekunja uso, nasema hapana, na sauti inasikika hadi kwa jirani.

Nimeiangalia tena na tena, na ndipo nimeshtuka upya. Mzee amempigia Mama. Mama amempigia baba mdogo. Baba mdogo amempigia Mutua. Mutua naye ameniandikia: "Wazee wanaongea, wewe tulia." Siku nzima hakuna aliyeniuliza mimi kama nilikubali au nilikataa, na mimi ndiye niliyekuwa pale.

Kesho nikitoka kazini napitia kwa kina Mutua, Tassia, peke yangu, na hii video. Mzee aione, ajue sina mume. Lakini nitaketi upande ambao namwona Mutua vizuri. Nataka kuuona uso wake wakati ananisikia nikisema hapana.