Habari za Nyonga Yangu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Kirushya maharage yamekomaa, nami nimekatazwa kuinama. Nazunguka na mkongojo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Unauliza kwa nini sikumwambia daktari mapema kwamba nyonga inauma. Mionzi ya hospitali iliponya saratani yangu ya kizazi lakini ikadhoofisha mfupa wa nyonga, ukapata ufa. Kila nilipokwenda aliniuliza habari za mwili, nikajibu nzuri.

Nikiwa msichana, mama alivunjika mguu migombani. Nikakimbia kwa mjomba kuomba msaada, naye akaanza kunisalimu. Habari za nyumbani? Nzuri. Za shamba? Nzuri. Nikapewa kiti, nikakaa. Ndipo nikasema. Muda wote huo mama alikuwa chini, akiningoja.

Tangu jana upande wa pili nao unauma. Ijumaa narudi hospitali. Daktari akiuliza habari, nitaanzia hapo.

Bibi yako