Mtoto Aliyeambiwa Asubiri Bondeni

Mama Kristiana, shikamoo. Najua barua nyingi unazosoma kwenye kipindi chako cha redio ni za ndoa, na mimi sina ndoa ya kulalamikia, lakini naomba unishike mkono kwa sababu kila mtu ambaye ningeweza kumwuliza hapa kijijini yumo ndani ya jambo lenyewe, na nimefika mahali nikiamka asubuhi nasikia watoto wanapita kwenda shule natamani nijifunike blanketi nisitoke.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea katika shule shikizi, kwenye kitongoji kimoja mbele ya Mwazye. Shule hii wananchi waliijenga wenyewe, wanaume walifyatua matofali, akina mama wakasomba maji, kwa sababu shule mama iko ng'ambo ya mto na wakati wa masika watoto wadogo walikuwa hawawezi kuvuka. Aliyewainua watu wakajenga ni Mwalimu Eustaki, mzee mstaafu, alipita nyumba kwa nyumba mpaka wakamchoka wakakubali, na ndiye anayeiongoza hadi leo. Huyu mzee ndiye aliyenifundisha mimi kusoma, na baba yangu alipotaka niachie la saba nibaki shambani, yeye ndiye aliyekuja kwetu akakaa jikoni na kukataa kuondoka mpaka baba akakubali niende sekondari. Nilipokosa ajira akaniambia, "Klementina, njoo tufundishe wote, usikae nyumbani unaoza."

Kila asubuhi watoto wetu wanakuja na kuni na madumu ya maji, wanafagia uwanja, wanapanga mstari, na kabla ya kuingia darasani wanatamka kwa pamoja maneno ambayo Mwalimu Eustaki aliyaandika ukutani kwa mkono wake: ukweli, heshima, utii, kupendana. Wengi wanatoka nyumbani na Kifipa peke yake na yeye hajawahi kumcheka hata mmoja, anamjibu kwa Kifipa kisha anampa neno la Kiswahili polepole kama anayemlisha, ndiyo maana wazazi wanampenda na mimi nampenda.

Sasa mwaka jana akaanza kubadilika. Akawa ananiita Gaudiosa, ambalo ni jina la dada yake marehemu, nikawa naitika. Akapiga kengele ya kwenda nyumbani watoto wakiwa ndiyo kwanza wanamaliza uji. Akawa anafundisha mchana somo lile lile alilofundisha asubuhi, na hapo ndipo ninapoumia, Mama, maana watoto mwanzoni walicheka na kumwambia hilo tumeshasoma, halafu wenyewe wakaacha kucheka, wakawa wanaitikia upya kana kwamba wanalisikia kwa mara ya kwanza, watoto wa darasa la kwanza, wanamsitiri mzee. Na mimi nikawa namsitiri, nikipita nyuma yake kurekebisha, nikijiambia ni uzee tu.

Mwezi wa sita, ile baridi yetu ikiwa imekolea na upepo unakata masikio, aliwachukua darasa la kwanza kwenda bondeni kuchimba udongo wa kufinyangia. Mimi nilibaki na darasa la pili. Waliporudi ilikuwa muda wa kwenda nyumbani, akawaruhusu kabla hawajafika shuleni, pale njia zinapogawanyika, akaja peke yake. Nikamwuliza, "Mwalimu, la kwanza wamerudi wote?" Akaniambia, "Wote, wameshashika njia za kwao." Nikaamini.

Jioni Asnath, mama yake Dominika, akaja kumtafuta mwanae. Dominika ni mtoto mpole sana, hata akiomba kwenda chooni anaomba kwa kunong'ona. Tulitoka watu wengi kumtafuta, ukungu umeshuka, na kabla hatujafika bondeni tukakutana na wachungaji waliokuwa wanarudisha ng'ombe, mmoja wao amembeba, amemfunika koti lake. Walimkuta amekaa kando ya rundo la udongo amekumbatia magoti, wakamwambia twende nyumbani, akakataa. Akawaambia, "Mwalimu amesema nikae hapa nilinde udongo, anarudi kunichukua." Ikabidi wambebe kwa nguvu huku analia kwamba atachapwa. Kichomi kilimshika, akalazwa hospitalini Sumbawanga, tukadhani tutampoteza.

Asnath aliporudi kutoka hospitalini alikuja uwanjani, watu wamejaa, na mwenyekiti wa kamati ya shule, Urbano, naye yupo. Akamwuliza mzee kwa heshima tu, sauti yake imekauka, "Mwalimu, mwanangu aliachwaje?"

Mwalimu Eustaki akamwambia kwa utulivu kabisa, "Mimi nilimwagiza Mwalimu Klementina akamchukue."

Mama, hakuwa anadanganya. Nilimtazama usoni nikaona anaamini anachosema, tena akanigeukia akiwa amenihurumia, kama vile mimi ndiye niliyekosea na yeye yuko tayari kunisamehe. Watu wote wakanitazama. Nilitaka kusema nikashindwa kufungua mdomo, mbele ya wale watoto, chini ya yale maneno ukutani, ningesemaje kwamba mwalimu wenu akili yake inaondoka. Nikainamisha kichwa, na watu wakachukulia kwamba nimekiri.

Tangu hapo Asnath haitikii salamu yangu. Kisimani wanawake wakiniona wananyamaza. Urbano ameitisha mkutano wa wazazi na amenidokeza kwamba nitaondolewa. Nilikwenda kwa mke wa mzee, Mama Luciana, nikamweleza, naye hakushangaa hata kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, najua. Siku hizi ananiuliza mama yake amekwenda wapi, na mama yake tulimzika zamani. Lakini shule ndiyo inayomwamsha. Ukimwondolea shule umemzika. Wewe bado kijana, utapata pengine pa kufundisha. Nakuomba ubebe hili." Akanishika miguu, mama wa umri wa bibi yangu, nikalia nikamwambia sawa.

Nilikuwa nimeamua kubeba. Lakini juzi mstarini Mwalimu Eustaki amewatangazia darasa la kwanza kwamba udongo umeisha, watakwenda tena bondeni. Nimemchelewesha kwa visingizio. Dominika ametoka hospitali lakini akifika kwenye uwanja wa shule anasimama tu, haingii. Nikisema ukweli nitakuwa nimemvua nguo mtu aliyenilea, na naogopa shule yenyewe itafungwa watoto warudi kule mtoni. Nisiposema nitaondoka mimi na watoto watabaki naye peke yake. Nifanye nini?

Klementina, Kalambo.

*

Mwalimu Klementina, marahaba. Majina yote na mahali nimevibadilisha kabla ya kukusoma hewani. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa huruma na mara ya pili kwa hasira, na nitakupa vyote viwili.

Pole. Mama yangu mzazi aliishia kuniita kwa jina la shoga yake wa utotoni, na mimi pia niliitika, kwa hiyo usidhani nakuzungumzia kutoka mbali. Najua mtu anavyopungua mbele ya macho yako huku amevaa shati lile lile. Huyo mzee hana kosa. Anaumwa, na maneno aliyosema pale uwanjani yalikuwa ya ugonjwa. Usiyaweke moyoni.

Wewe, hata hivyo, huumwi. Unajua mambo mawili ambayo Asnath hayajui: nani alimwacha mtoto wake, na kwamba inaweza kutokea tena. Umempa mama huyo mtu asiyehusika wa kumchukia, ukaliita jambo hilo heshima. Mzee wako alipokaa jikoni kwenu na kumkatalia baba yako, je, hakuwa anamheshimu? Alimheshimu sana, na akamwambia usoni jambo ambalo hakutaka kulisikia, kwa ajili ya mtoto. Mtoto huyo ulikuwa wewe.

Na wale wadogo wanaoitikia somo walilokwisha kulisoma ili mzee asiaibike wamenitoa machozi, lakini huo mzigo si wa umri wao. Mmewaachia watoto wa darasa la kwanza kazi ya watu wazima.

Sasa sikiliza. Kuanzia kesho hakuna mtoto anayetoka nje ya uwanja na Mwalimu Eustaki bila mtu mzima mwingine. Acha visingizio. Ukihitaji mtu, mwombe mzazi yeyote akae nanyi, sababu utaieleza baadaye. Kisha rudi kwa Mama Luciana. Mwambie nimesema mimi kwamba nauelewa uchungu wake, lakini alichokuomba hakikuwa chake kuomba. Mwambie ampeleke mumewe hospitali, kwa sababu kusahau kwingine kuna tiba na kwingine hakuna, na hakuna ajuaye ni kupi mpaka daktari amwone. Mwombe muende naye kwa Urbano kabla ya mkutano, mkamweleze faraghani. Akikubali, nendeni. Akikataa, nenda peke yako. Kikao cha wazazi kisiwe mahali pa mzee kuusikia ugonjwa wake kwa mara ya kwanza. Mumweleze nyumbani kwake, akiwa ameshika kikombe chake, na kama kesho yake amesahau, mweleze tena bila kumkaripia.

Mwambie Urbano aende kwa Afisa Elimu Kata kuomba mwalimu kutoka shule mama. Siwezi kukuahidi kwamba atapatikana. Inawezekana mtateseka muhula mzima. Lakini shule iliyojengwa na kitongoji kizima isibaki juu ya mabega ya mzee mmoja mgonjwa na binti mmoja aliyenyamaza. Na mzee asifungiwe ndani. Aje asubuhi, asimame mstarini, awasalimie watoto kwa Kifipa kama alivyozoea, awepo mtu pembeni yake. Kazi ya kuwaangalia watoto ichukuliwe na wengine.

Dominika umtembelee nyumbani kwao, mbali na shule. Mwambie hakukosea kusubiri, na kwamba hatachapwa. Halafu mwambie na hili ambalo halijaandikwa kwenye ukuta wenu: mtu mzima akisahau kurudi, mtoto anaruhusiwa kuondoka. Mwambie mpaka aamini. Asipotaka kuingia darasani mwezi huu, mwacheni.

Sitakudanganya kwamba utatoka hapo umependeza. Wapo watakaosema umemchafua mzee ili ujiokoe. Mama Luciana anaweza asikusamehe. Mwalimu Eustaki mwenyewe anaweza kukukasirikia leo na kesho asikumbuke alikasirikia nini, na wewe ndiye utakayekumbuka kwa niaba ya wote wawili. Hilo siwezi kukupunguzia.

Lakini kwa Asnath nenda leo, kabla ya yote hayo, baada ya kuzima redio. Usianze kwa kujitetea. Anza kwa kumwuliza mtoto ameamkaje, kisha mwambie yaliyotokea bondeni kama ulivyoniandikia mimi. Akikupa kiti, kaa. Asipokupa, sema ukiwa umesimama.