Mwaloni Uliomzuia Mama

Mountain View,
Nairobi.
9 Machi 2025

Mpendwa Maina,

Nakuandikia kwa idhini ya walioketi nami sebuleni: mama yako Wanjugu, aliye mkuu wetu; shangazi yako Jackie; dada yako Shiku; na jirani yetu Mwalimu Ajwang, tuliyemwomba awe shahidi. Wote wanakusalimu na kuuliza kama kile kikohozi kimekuachilia. Sisi tu wazima, ila mvua imechelewa na sukuma wiki ya mama inanyweshwa kwa ndoo.

Sasa nije kwenye chumba ulichoahidi kumjengea mama ahamie, nyuma ya nyumba yako huko California. Hii ni mara ya tatu unatuandikia kwamba huwezi kujenga, kwa kuwa uwanjani pako pana mwaloni adimu wa vichaka vya pwani, nao wakuu wa mji wamekataza usikatwe. Mwanangu, mialoni tunayoisikia kanisani ni miti ya watu kupiga hema kivulini. Mmoja ulimnasa mwana wa mfalme kichwa, akiwa juu ya nyumbu. Huo wa picha yako haufiki begani mwako. Nyumbu yule angeuruka.

Hapa mjini, kiwanja kisichofyekwa huwa na wenyewe wawili, wote wameuziwa. Shiku hakuficha: "Anko, huyo ameuziwa hewa, anaona tu aibu." Shangazi yako, kwa upande wake, anashuku kwamba kichaka hicho kinavaa rinda.

Jani ulilotuma ndani ya kadi tulimpa Mwalimu Ajwang, aliyefundisha biolojia miaka thelathini. Alipapasa miiba ya ukingoni na vinyweleo vya upande wa chini, akasema ni la mwaloni, na kwamba ipo mialoni mifupi hivyo, iliyobaki michache kwa sababu watu wamejenga ilipokuwa ikiota. "Lakini jani," akaongeza, "halisemi limechumwa kwa nani." Shangazi akaguna.

Wakati huohuo mama amekwisha kutangaza nyumba yake ipangishwe, na cherehani yake iko Ngara kwa Shiku. Tangu Oktoba analala katikati ya maboksi.

Leo amelishika jani hilo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kichaka kina serikali ya kukitetea kisihamishwe. Mimi nina nani?"

Kwa hiyo tumeamua, nawe unafungwa na uamuzi huu pamoja nasi. Kesho Shiku atairudisha cherehani, nami nitaling'oa bango la kupangisha getini. Mama hang'olewi. Wewe utakuja Agosti, uketi mbele yake, umweleze kwa kinywa chako. Kama mwaloni upo, uache usimame. Hatutaki ukatwe kwa ajili yetu. Kama haupo, bado njoo.

Nisalimie Kaloki unayekaa naye. Mungu akuzungushie ulinzi usiopungua ule unaosema umezungushiwa mti wako.

Wako akupendaye, ingawa anashuku,
Baba yako mdogo,
Haron