Hajja Widad Hakutekwa, Alikwenda Kula

KITUO CHA POLISI, DOHA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwanamkuu Makame Khatib
Umri: Miaka 43
Uraia: Mtanzania, mzaliwa wa Jambiani, Zanzibar
Kazi: Mhudumu wa mgonjwa nyumbani
Makazi: Fereej Bin Mahmoud, kwa mwajiri
Tarehe na saa: 20 Mei 2025, saa 9:20 alasiri
Lugha: Kiswahili, kwa msaada wa mkalimani

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sijatishwa wala sijaahidiwa kitu.

Namhudumia Hajja Widad, mwenye miaka 78, mama wa mwajiri wangu Dokta Nabil, daktari wa meno. Nimekaa naye miaka minne. Mwezi wa Septemba mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Mguu ulirudi, sasa anatembea kwa mkongojo. Mkono haukurudi. Tangu hapo namlisha kwa kijiko, kwa sababu alikataa kula kwa mkono wa kushoto. Alisema amekula kwa mkono wa kulia tangu utotoni, na haoni sababu ya kukosa adabu uzeeni. Kijiko nacho hakukipenda. Vijiko vinne, vitano, anafunga mdomo. Alikonda hata pete zikawa zinamvuka vidoleni.

Mnamo tarehe 11 Aprili 2025 Dokta Nabil alisafiri kwenda Osaka, Japani, kwenye mkutano wa madaktari wa meno. Alituchukua mimi na mama yake ili mama abadilishe hewa. Siku tatu za mwanzo Hajja alikunywa chai na biskuti tu.

Afisa ameniuliza Osaka inahusiana nini na dereva wa teksi aliyekamatwa leo. Inahusiana. Naomba niieleze.

Jumatatu tarehe 14 Aprili, kiasi cha saa saba mchana, tuliingia kwenye mkahawa mdogo wa sushi katika mtaa uitwao Namba. Sushi ni tonge dogo la wali uliotiwa siki, na juu yake kipande cha samaki, mara nyingi mbichi. Mimi nimekulia pwani. Samaki mbichi kwetu ni wa paka, na niliingia pale nikiwa nimeziba pua moyoni. Hapakuwa na harufu yoyote. Palinukia mbao na siki.

Palikuwa na viti vinane mbele ya meza ndefu. Nyuma ya meza alisimama mzee wa miaka sabini hivi na mkewe. Dokta aliuliza kama wali una pombe. Mke alileta chupa ya siki, Dokta akatafsiri maandishi yake kwa simu, akaridhika.

Nilimtazama yule mzee akikata jodari. Nimeona samaki wakikatwa maisha yangu yote, lakini sijaona mkono kama ule. Kisu kirefu, chembamba, kinapita mara moja tu na hakirudi. Tonge analifinyanga kwa vidole viwili vya mkono mmoja na kiganja cha mwingine, kisha analiweka mbele yako kama anayemlaza mtoto. Moja alilizungushia mwani. Mama yangu amelima mwani miaka ishirini akiuza kwa gunia, na sikuwahi kumwona mtu akiula. Niliula pale, mkavu, unavunjika mdomoni. Nilitamani mama angekuwepo.

Mbele ya Hajja mzee aliweka kipande cha jodari upande wa kulia, kama alivyotuwekea sisi. Hajja hakugusa. Mkono wake ulikuwa mapajani. Dokta akaomba kijiko. Mzee aliutazama ule mkono kwa muda wa kupepesa jicho. Hakuuliza kitu. Alikiondoa kile kipande, akatengeneza kingine kidogo zaidi, akakiweka upande wa kushoto, kimelala kwa namna ambayo vidole vya kushoto vingekishika bila kujipinda. Halafu akageuka, akaanza kuosha kisu chake ambacho kilikuwa kisafi.

Hajja alikitazama kile kipande. Kisha akasema, "Bismillahi. Mwenye udhuru hana lawama." Akakichukua kwa mkono wa kushoto, akala.

Mzee aligeuka akaweka kingine palepale. Hajja alikula vipande kumi na kimoja. Dokta alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Wakati wa kutoka Hajja aliniambia, "Binti yangu, huyu kauona mkono wangu, na hakuuonea huruma."

Tulirudi pale kila mchana mpaka siku ya safari.

Tulifika Doha tarehe 18 Aprili. Hajja aliomba sushi. Dokta alikataa, akasema, "Mama, kule ni kule. Hapa kuna joto, na wewe ni mgonjwa. Samaki mbichi akikudhuru nitajilaumu." Aliagiza zilizopikwa, zikaletwa kwenye kiboksi, nami nikaambiwa nizikate nimlishe kwa kijiko ili asipaliwe. Hajja alifunga mdomo. Sikumtetea. Mimi ni mwajiriwa.

Jumapili tarehe 18 Mei Hajja aliniuliza, "Mwanamkuu, Doha nzima hakuna sushi?" Nilimjibu kwamba iko mtaa wa Al Sadd, kwenye barabara ya maduka, mlango una pazia la buluu. Maneno hayo niliyatamka mimi.

Leo, Jumanne tarehe 20 Mei, saa 4:30 asubuhi, nilikwenda duka la dawa kumchukulia dawa za presha. Nilirudi saa 4:55. Hajja hakuwepo. Abaya yake, viatu na mkongojo havikuwepo. Simu yake ilikuwa kitandani. Nilimpigia Dokta kazini kwake, naye akapiga simu polisi, akaja. Mlinzi wa jengo, Arnold, aliniambia, "Ameingia teksi, dada. Nilidhani mmeelewana." Kamera ilionyesha teksi na namba yake, na dereva akimfungulia mlango. Dokta aliona picha hiyo akasema mama yake ametekwa. Nilimweleza habari ya Al Sadd. Hakunisikiliza; alikuwa anawasomea polisi namba ya teksi kwa simu.

Nilikwenda mwenyewe. Nilifika saa 6:20 mchana, nikapanda ngazi za nje hadi kwenye mlango wenye pazia la buluu. Kupitia kioo nilimwona Hajja amekaa mbele ya mpishi. Kando yake alikaa kijana aliyevaa sare ya madereva wa teksi. Mpishi, Mfilipino, aliweka kipande upande wa kulia. Hajja akagonga meza kwa kidole upande wa kushoto, kama mwalimu. Mpishi akacheka, akakihamisha. Hajja akala.

Nilipaswa kupiga simu dakika ile. Sikupiga. Nilisimama nje juani nikimtazama anavyokula, mpaka saa 6:32. Dakika hizo kumi na mbili ambazo polisi walikuwa wakimtafuta ni kosa langu, si la dereva, na naomba ziandikwe kwa jina langu.

Kisha nikampigia Dokta, nikaingia. Kijana alisimama. Aliniambia anaitwa Reuben Kipruto, Mkenya.

"Wewe ndiye Mwanamkuu? Amekutaja sana. Mama alinionyesha mdomo, akasema ako na njaa. Nilimshusha hapa nikaona hiyo ngazi, nikasema huyu hawezi kupanda peke yake. Nikampandisha. Kufika juu akanikalisha."

Nilimuuliza kwa nini hakupiga simu nyumbani.

"Nilimuomba namba, dada. Akaweka kidole kwa midomo, hivi. Nikasema basi, akimaliza namrudisha pale nilimtoa."

Mbele yake palikuwa na kipande kimoja cha jodari hakijaguswa. Alikitazama, akasema, "Hii ya mbichi imenishinda. Lakini mtu akikula kwa furaha namna hii, nani atamkatiza?"

Saa 6:50 Dokta Nabil alifika pamoja na askari wawili. Alimshika Reuben kifuani, akamuuliza, "Ulikuwa unampeleka wapi mama yangu?" Reuben hakujibu kwa nguvu wala kwa matusi. Alinyoosha mikono yake ili ionekane. Askari walimchukua. Hajja alisema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu augue: "Nabil! Huyu hakunichukua. Mimi ndiye niliyemchukua yeye."

Dokta alimuuliza mpishi mama yake amekula vipande vingapi. Mpishi alionyesha vidole, mikono yote miwili. Dokta alikaa kwenye kiti cha Reuben. Lakini dereva alikuwa ameshatolewa nje.

Nimeulizwa kama dereva alimlazimisha Hajja, kumtishia au kumchukulia kitu. Hapana. Nimeulizwa kama namjua dereva kabla ya leo. Simjui. Nimeulizwa kama nina jambo la kuongeza. Ninalo. Kwa miezi minane sote nyumbani tulimpenda Hajja, na tulimlisha kwa mapenzi. Watu wawili tu ndio waliomwacha ale mwenyewe. Mmoja yuko Osaka na simjui jina. Mwingine mmemfungia chumba cha pili.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa, nimeyaelewa, na ni yangu.

Sahihi ya shahidi: Mwanamkuu M. Khatib

MAELEZO YA AFISA: Shahidi amesomewa maelezo kwa Kiswahili na kuyakubali bila kubadilisha neno. Mlalamikaji, Dokta Nabil, ameondoa malalamiko yake saa 10:05 jioni na kumwomba dereva radhi mbele yangu. Dereva ameachiwa saa 10:15, teksi yake amerudishiwa. Bi Widad aliambiwa mara tatu kwamba yuko huru kwenda nyumbani. Mara zote tatu alijibu kwamba anamsubiri dereva wake. Dereva alipotoka, Bi Widad alipanda teksi yake, kiti cha mbele. Dokta Nabil ameliacha gari lake kituoni na kupanda nyuma pamoja na shahidi.